Aliyesimama Katikati ya Mpunga

Jumatano, 12 Februari

Nimehamia dunguni leo, kwenye kibanda cha kulindia mpunga. Mudathiri, mume wa wifi yangu Zuhra, amenivusha kwa mtumbwi wake na vitu vyangu vyote: mkeka, sufuria mbili, dumu la maji ya kunywa, unga, panga, na lile shati la drafti la marehemu mume wangu Abdalah ambalo hulivaa nikiwa shambani. Dungu lenyewe bado limesimama vizuri juu ya nguzo zake, ila ngazi imeliwa na mchwa. Mume wangu alipokuwa hai, ngazi ilikuwa kazi yake. Mwaka jana niliketi chini ya ngazi hii nikalia. Mwaka huu nimekata fito, nimefunga vipandio mwenyewe, na sikulia. Nimechubuka tu.

Huku delta mtandao hakuna na chaji ya simu ni ya kuomba. Mpaka mpunga uvunwe ni miezi minne ya kuamia ndege, kufukuza tumbili na kupigiana kelele na nguruwe, na mimi ni mtu wa maneno. Nisipoyatoa yatanichachia tumboni. Ndiyo maana naandika.

Alhamisi, 13 Februari

Zuhra analinda shamba lake ng'ambo ya kijito. Yeye simwoni, naona paa la dungu lake tu. Alfajiri ameniita kama anavyoniita kila msimu: "Wifi, umeamka?" Nikamjibu nimeamka zamani, nilikuwa namsubiri yeye aache kukoroma. Hayo ndiyo mazungumzo yangu ya leo, mwanzo na mwisho.

Jumatatu, 17 Februari

Mudathiri amerudi kutoka Ruaruke na kitoto cha mbwa ndani ya kikapu. Anasema mwaka huu nguruwe ni wengi na mwanamke peke yake hawezi kuwa macho usiku na mchana. Kijibwa chenyewe hakizidi nazi mbili. Nguruwe akikiona atacheka mpaka aache kula.

Chuoni, tulipokuwa tukisoma Kurani, tulifundishwa kuwa mbwa ana ruhusa ya kufugwa kwa kuwinda, kulinda mifugo na kulinda shamba. Wa kuondoa upweke hakutajwa. Kwa hiyo nimemwambia mapema kwamba yeye ni mwajiriwa. Atakaa chini ya dungu, mimi nitakaa juu. Ninaposwalia hapakanyagi, na mate yake yasinifikie, maana mate ya mbwa yakikugusa utaosha mara saba, mara moja kwa udongo, na mimi maji safi naletewa kwa dumu.

Nimempa jina la Hawakosi. Watu hawakosi la kusema.

Ijumaa, 21 Februari

Kaa wamekata miche upande wa mashariki. Nimepandikiza upya kutwa nzima. Hawakosi aliwabwekea kaa, mmoja akambana pua.

Jumapili, 2 Machi

Mfungo umeanza. Jioni Mudathiri ameniletea bakuli la tambi kutoka kwa Zuhra. Nilifuturu nikiangalia moshi wa kwake, na yeye bila shaka aliangalia moshi wangu.

Siku hizi jioni ndiyo inanipa taabu. Mchana nina ndege wa kuwazomea. Magharibi ndege wanalala, na ninabaki na sauti yangu iliyokauka na upande wa mkeka ambao sijazoea kuulalia. Miaka miwili, na bado najikunyata pembeni kama namwachia mtu nafasi.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimecheka peke yangu mpaka nikaona haya.

Ninavyomlisha Hawakosi ni hivi: nafunga kichwa cha samaki kwenye uzi wa nyavu, nakishusha kutoka dunguni, naye anakidaka huko chini bila ya sisi kugusana. Leo uzi ulinasa kwenye fito na kichwa kikabaki kinaning'inia juu yake. Akaruka, akakikosa. Akaruka tena. Mara ya tatu hakuruka. Alisimama kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele ameikunja kifuani kama mzee anayeomba radhi, akatulia hapo akinitazama mimi wala si samaki. Nikamwambia, "Wewe, shuka, utavunjika kiuno." Hakushuka. Ilibidi nimpe.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepata kazi ya jioni. Nakaa ukingoni mwa dungu, nashusha samaki, nausogeza uzi polepole, naye anaufuata kwa miguu miwili. Mwanzoni alikuwa akianguka kwa makalio. Sasa anazunguka nguzo moja mpaka ya pili bila kugusa chini, anayumbayumba kama mtu aliyeshuka chomboni. Nikisema "haya bwana mkubwa," masikio yanasimama.

Najua ni upuuzi. Mwanamke wa miaka hamsini na tatu, mjane, anafundisha mbwa kutembea kama binadamu. Lakini jioni zimekuwa fupi.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Zuhra amevuka kijito maji yalipokupwa, kanzu ameikunja mpaka magotini, sahani ya pilau kichwani. Tumekula pamoja dunguni. Amenitania kuwa nimenenepa na atanitafutia mume Salale, mzee mwenye jino moja ili asinimalizie mpunga. Nilimwambia amtafutie Mudathiri mke kwanza, nione kama ataendelea kucheka.

Halafu akawa analitazama lile shati la drafti nililolianika. Yeye ndiye aliyemnunulia kaka yake, Idi ya mwaka ule aliokufa. Aliniuliza tena jambo ambalo ameniuliza mara nyingi, kama Abdalah alimtaja kabla ya kufa. Nami nilimjibu kama siku zote, kuwa homa ilikuwa ya siku mbili tu na siku ya pili hakuwa na fahamu. Alifia hapa hapa dunguni. Zuhra alikuwa Kibiti, bintiye amejifungua. Tulizika asubuhi, yeye akafika jioni akakuta kaburi limekwisha kumwagiwa maji. Uso wa kaka yake hakuuona.

Nilisahau kumwonyesha Hawakosi anavyotembea. Alikuwa amelala.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua tangu juzi. Kijito kimefurika, dungu linavuja upande wa kusini. Hawakosi alikuwa akitetemeka chini, huku ananitazama kupitia nafasi za fito, halii. Angelia ningevumilia. Nimechukua shati la Abdalah, nimelikata nusu ya chini, nikashuka nikamvisha na kumfunga vifungo tumboni. Mikono ya shati nimeikunja. Aliniramba mpaka kwenye viwiko. Nimeosha mara saba kwa maji ya mvua, na udongo ulikuwa wa kumwaga.

Kulikata kuliniuma. Lilikuwa bado na harufu yake, au nilikuwa nikijiambia linayo.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 18 Aprili

Mpunga umenipita kiuno, unanikaribia kifuani. Mbwa akiingia humo ananipotea kabisa. Jioni mvua ilikatika kidogo, nikaenda kuziba tuta la mbali lililobomoka. Nilipogeuka nilimwona Hawakosi amesimama juu ya tuta la kati kwa miguu miwili, ndani ya shati, kichwa na mabega juu ya mpunga, anageuka huku na huku. Akatembea hivyo hivyo hatua kadhaa. Hapakuwa na uzi wala samaki. Nikajisemea kweli elimu haimtupi mtu.

Jumatatu, 21 Aprili

Zuhra hakuniita alfajiri. Nimemwita mimi, hakujibu. Moshi wake niliuona, kwa hiyo yu mzima.

Jumanne, 22 Aprili

Hakuniita.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Hakuniita.

Jumapili, 27 Aprili

Leo Mudathiri ameleta dumu la maji. Siku nyingine hufunga mtumbwi, hupanda, hunywa uji na kunieleza habari za dunia. Leo aliliweka ukingoni akiwa bado ndani ya mtumbwi, akapiga kasia. Nilimwita nikamuuliza Zuhra anaumwa nini. Alisema haumwi. Nikamuuliza nimewakosea nini. Alisema, "Shemeji, kila mtu anajua alichonacho," akaenda zake.

Nimewaza neno hilo mpaka kichwa kimeuma. Nadhani ni shamba. Mwaka huu mpunga wangu umekubali kuliko wa kwao; wao maji ya chumvi yamewaingilia wakati wa bamvua. Kumbe wifi yangu ana kijicho. Miaka thelathini nakula naye sahani moja na sikuwahi kuliona jicho hilo. Basi na anyamaze. Na mimi nina ulimi, nitautia kinywani niufunge.

Jumatano, 30 Aprili

Wanawake wawili wamepita kijitoni na mtumbwi wa kuvulia kamba. Niliwapungia. Mmoja aliinamisha kichwa, mwingine alitema mate majini.

Ijumaa, 2 Mei

Hawakosi hali chakula. Nashusha samaki, anamnusa, analala. Na hakondi, tumbo limejaa kama ngoma. Sijui anakula nini huko mpungani, labda panya. Hata kusimama kwa uzi hataki tena. Nilimwambia na yeye aende kwa Zuhra wakaninunie pamoja.

Nasema utani, lakini nani anausikia? Leo nimetoka asubuhi mpaka usiku bila kutamka neno na mtu. Ndege siwahesabu.

Jumanne, 6 Mei

Nimekwenda kwa miguu mpaka kambi ya wavuvi, kwenye sola, nikachaji simu, nikasimama mahali penye mtandao na kumpigia mwanangu Shamsia, yuko Mbagala. Kabla sijamaliza salamu alianza kulia. Akasema, "Mama, watu wanasema umemfuga baba."

Sikumwelewa. Akanieleza. Kwenye grupu la kijiji imeandikwa kuwa mimi, Mwanamkuu, ninaye msukule dunguni. Kwamba Abdalah hakufa, tuliyemzika ni mgomba tu uliovishwa sanda, na yeye mwenyewe nimemficha huko delta ananilimia, ndiyo maana mpunga wangu umestawi. Ameonekana magharibi, amesimama katikati ya mpunga, amevaa shati lake la drafti.

Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Wavuvi walikuwa wananitazama, na sasa najua kwa nini hakuna aliyenipa kiti. Nilimwambia Shamsia ni mbwa. Akasema, "Mama, mbwa anasimamaje?" Nikamwambia nimemfundisha. Akaniuliza polepole kama ninalala vizuri siku hizi. Mwanangu anadhani nimerukwa na akili, na hilo ndilo jema kati ya mawili.

Nimerudi na Hawakosi alinilaki njiani kwa miguu minne kama mbwa wa kawaida, yaani kama hajui lolote.

Jumatano, 7 Mei

Nimelivua shati, nikalitupa motoni, nikalitoa kabla halijashika. Kwa nini nilichome? Sikuiba. Nimemvisha tena.

Mwanamke mzee anayeishi peke yake na mpunga wake umestawi, mimi mwenyewe nimewahi kusikia habari zake, nikatikisa kichwa nikasema "Mungu atuepushe." Sasa ndiye mimi. Wakati wa kuvuna hatakuja mtu kunisaidia. Nikirudi kijijini nani atanifungulia mlango? Nikifa huku, nani atanizika asiogope kunigusa?

Ijumaa, 9 Mei

Nitaandika yote.

Baada ya alasiri nilisikia maji yakipigwa kijitoni. Alikuwa Zuhra, peke yake, amelowa mpaka kifuani. Alikuja mpaka chini ya ngazi na hakupanda. Amekonda. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kumchoma, nimeyanoa siku tatu, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akaniwahi.

"Wifi, sikuja kugombana," alisema. "Sitamwambia mtu. Hata Mudathiri hajui kama nimekuja. Nionyeshe tu kaka yangu, nimwone uso, niondoke."

Nilikuwa nimedhani ananichukia. Kumbe anabembeleza.

Nilishuka. Nikamwonyesha Hawakosi, amelala kivulini ndani ya shati. Alimtazama, akanitazama mimi. Akasema nisimfanyie mzaha. Alimwona mtu, kwa macho yake mawili, siku ile mvua ilipokatika: amesimama juu ya tuta, mpunga umemfika kifuani, anageuka huku na huku kama mtu aliyepotea njia. Shati analijua, alilinunua yeye. Hakumwita kwa jina kwa sababu aliambiwa msukule akiitwa, mwenye naye humhamisha asionekane tena. Alimwambia mumewe tu. Mumewe naye akashindwa kulimeza, akawaambia wengine.

Nikasema, "Ni huyu, wifi. Anasimama." Nikachukua samaki, nikafunga uzi, nikapanda, nikamshusha mbele ya pua ya mbwa. Haya bwana mkubwa. Alinusa, akageuza kichwa. Nikausogeza uzi. Haya bwana mkubwa, haya. Akapiga miayo. Nikautingisha uzi mpaka samaki anacheza hewani. Mwezi mzima nilikuwa nimemfundisha kwa upuuzi wangu, na siku moja ninayomhitaji kwa uhai wangu amelala.

Zuhra hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Kama hutaki, sema hutaki."

Hapo nilishindwa. Nilishuka ngazi, nikampita, nikaingia mpungani. Sikuwa na nia yoyote ila kwenda mahali ambapo asingeniona nikilia. Nilikwenda mpaka katikati, nikachuchumaa kwenye maji, mpunga ukanifunika, nikalia na kanga mdomoni.

Sijui ilipita muda gani. Nilisikia kilio chembamba, kisha kimya. Nikatazama kupitia mashina. Hawakosi alikuwa juu ya tuta la kati. Amesimama. Alitembea hatua, akageuka kulia, akatembea tena, akageuka kushoto, shingo ameinyoosha, anautazama mpunga wote. Wakati huo ndipo nilipofahamu. Hakuwahi kumtafuta samaki. Siku ile ya mvua na siku nyingine zote nisizoziona, alikuwa amenipoteza mpungani, na yeye ni mfupi, akawa anainuka ili anione.

Niliinuka. Aliponiona alishuka kwa miguu minne akanijia mbio, akinirushia maji.

Zuhra alikuwa amekaa matopeni chini ya ngazi, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto. "Huyo ndiye," alisema. "Huyo ndiye niliyemwona."

Nilimwambia, "Si nilikwambia?" Nilisema kwa sauti ya ushindi kidogo, Mungu anisamehe. Yeye hakunisikia. Alikuwa anatazama shati.

"Nilikuwa namwekea chakula," alisema. "Wali wa nazi na kamba, anavyopenda. Kila magharibi nauweka kwenye tuta la mpakani. Asubuhi nakuta sahani nyeupe. Nilikuwa nafurahi, wifi. Nasema leo kaka amekula."

Akalia basi. Na mimi niliyekuja mbio na haki yangu mkononi sikujua niiweke wapi. Wiki tatu alikuwa na kaka yake. Mimi nilimzika Abdalah mara ya pili, na safari hii dada yake alikuwepo.

Nilikaa naye matopeni. Nilimshika. Sikukumbuka mate ya mbwa wala udongo wala mara saba. Ilikuwa miezi mingi sijamshika mtu.

Jumamosi, 10 Mei

"Wifi, umeamka?"

Nimejibu kwa sauti mpaka ndege wameruka.

Jumapili, 11 Mei

Zuhra amevuka na sahani zake. Zile zilizolambwa na mbwa zimechanganyika na nyingine na hajui ni zipi, kwa hiyo kaleta zote. Tumekaa kijitoni tukaziosha, kila moja mara saba, mara moja kwa udongo. Kwenye sahani ya nne alianza kucheka. Alisema amempikia mbwa kamba wakubwa wiki tatu, na Mudathiri anakula dagaa. Nikacheka mpaka nikaangusha sahani majini, tukaanza kuihesabia upya. Alicheka huku machozi yanamtoka, na sikumuuliza ni ya upande gani.

Mudathiri amekuja jioni, amepanda, amekunywa uji. Hakujua pa kuyaweka macho. Alisema ataandika kwenye grupu kwamba ni mbwa. Nikamwambia aandike, lakini watakaoamini ni wachache. Mbwa anayetembea kwa miguu miwili nayo ni habari. Amepiga picha. Imetoka na mbwa amelala.

Alhamisi, 15 Mei

Mpunga unakuwa wa njano. Ndege kama wamealikwa.

Jumapili, 25 Mei

Tumeanza kuvuna. Amekuja Zuhra, amekuja Mudathiri, wamekuja na wanawake wawili, mmoja wao ndiye aliyetema mate. Alivuna mpaka jioni bila kupumzika, na alipoondoka aliniomba maji ya kunywa, akanywa kwa kikombe changu. Wengine hawakuja. Wataendelea kusema mpaka nife, na huenda na baada ya hapo.

Zamani nilikuwa nikidhani Zuhra ni mtu mwepesi, wa vicheko. Nimemtania miaka thelathini na sikujua kuwa kila aliponiuliza kama kaka yake alimtaja, alikuwa bado amesimama nje ya kaburi.

Jumapili, 1 Juni

Kila jaruba likikatwa, Hawakosi anaona mbali zaidi. Ananiona nikiwa dunguni, ananiona nikiwa kijitoni. Hasimami tena. Shati nimelivua maana jua limerudi. Nimemwambia Mudathiri kwamba mbwa huyu simwachi huku kama wengine wanavyowaacha wa kwao. Atakaa nyuma ya jiko. Nina kuku watatu, na kulinda mifugo kumeruhusiwa.

Alhamisi, 5 Juni

Idi ya kuchinja ni keshokutwa, na kesho tunavuka. Limebaki jaruba moja ambalo halijakatwa, lile lililo mbele ya tuta la kati. Tulikuwa tulimalize asubuhi. Zuhra alikuwa ananiambia tupumzike kwanza, tunywe chai kwanza, tufunge magunia kwanza, mpaka nikamuuliza jaruba hilo limemkosea nini.

Aliweka kisu chini. "Wifi," alisema, "mvalishe shati. Halafu jificheni. Yaani, jifiche wewe."

Nilimtazama, naye akatazama pembeni. Nikaenda kulichukua shati. Nilimfunga Hawakosi vifungo, viwili tu vimebaki, akaniramba vidole, nikamwacha anirambe. Nikamwelekeza Zuhra asimame ng'ambo ya kijito, mahali alipokuwa siku ile. Kisha nikaingia mpungani, nikaenda mpaka katikati, nikachuchumaa.

Nilisikia mbwa akinusa huku na huku. Nikasikia kile kilio chake chembamba. Halafu kukatulia, nikajua amesimama.

"Shikamoo, kaka," Zuhra alisema.

Alisema na mengine. Mengi nilisikia na hayo sitayaandika, kwa sababu hakuwa akiniambia mimi. Mbwa hawezi kusimama muda wote huo, bila shaka alikwisha kushuka, lakini Zuhra aliendelea. Miguu yangu ilikufa ganzi, mbu wakanila shingo, na Hawakosi akanipata, akalala kwenye matope kando yangu na shati lake. Nilimwekea mkono mgongoni ili asitikise mpunga.

Baadaye kukawa kimya. Nilisubiri. Kisha wifi yangu aliniita kutoka ng'ambo, kwa sauti ile ile ya alfajiri.

"Wifi, umeamka?"

Nikainuka, nikamwambia nimeamka.